Siki ya maganda ya nanasi: kuvu ya kukaribisha na kuvu ya kufukuza

Msimu wa mananasi ukifika, maswali huwa yaleyale. "Kuna kitu cheupe kimetanda juu, nimwage?" "Mbona inanuka pombe, si ulisema siki?" "Nifunge mfuniko au niache wazi?" "Ukungu nimeutoa kwa kijiko, naweza kuendelea?" Nimeyakusanya majibu yote hapa, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayeanza leo Mbagala au Tegeta awe na kitu cha kufuata tangu kuosha nanasi hadi kujaza chupa.

Shika jambo moja kabla ya yote. Kazi ya kugeuza maganda inafanywa na viumbe wadogo, na wanaotangulia ni kuvu. Kuvu nzuri ikiwahi kuijaza ndoo, mbaya hukosa nafasi. Ikichelewa, ukungu hauombi ruhusa. Karibu kila agizo utakalolisoma hapa chini, hata lile linaloonekana dogo kama kukandamiza maganda kwa sahani, lina lengo hilohilo la kumpa nafasi umtakaye na kumnyima usiyemtaka.

Dar es Salaam haina shida ya maganda. Mananasi ya Kiwangwa kule Bagamoyo yanashuka Buguruni, Mabibo na Temeke Stereo, na karibu kila kona ya mji yupo anayemenya na kuuza vipande. Ganda na kigogo vinatupwa, vinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, huko vinaoza vikiwa vimefukiwa bila hewa na kutoa gesi ya methani. Ganda hilohilo bado lina nyama iliyobaki na sukari ya kutosha kuanzisha siki nzuri ya kachumbari.

Nani anafanya nini ndani ya ndoo

Nadharia nitaiweka fupi, ila hii huwezi kuikwepa.

Wa kwanza ni hamira, ileile ya maandazi. Jina lake la kitaalamu ni Saccharomyces cerevisiae. Ni kuvu ya chembe mojamoja. Inakula sukari, inatoa pombe na gesi ya kaboni dayoksaidi. Juu ya ganda la tunda pia huishi hamira za porini, kama zile za jamii ya Hanseniaspora. Hizo huanza kazi haraka, kisha hulegea pombe inapopanda, na hamira halisi huchukua usukani.

Wa pili ni ukungu: Rhizopus, Penicillium, Aspergillus na ndugu zao. Nao ni kuvu, ila wanajijenga kwa nyuzi na wanahitaji hewa. Ndiyo maana huwaoni chini ya maji. Huota kwenye ganda lililochomoza juu au kwenye ukingo wa ndoo ulioachwa na mabaki.

Wa tatu si kuvu. Ni bakteria wa siki, ambao huichukua pombe iliyotengenezwa na hamira na kuigeuza kuwa asidi ya asetiki kwa msaada wa hewa. Kwa hiyo jibu la "mbona inanuka pombe" ni kwamba lazima inuke pombe kwanza. Hakuna siki ya matunda isiyopita hapo. Kwa anayejizuia na pombe kwa imani yake nalisema wazi kabisa: katikati ya kazi hii ndoo yako itakuwa na pombe, hata kama mwishoni haitabaki nyingi. Zungumza na sheikh au mchungaji wako kabla ya kununua sukari.

Andaa hivi kabla hujaanza

Vipimo vyangu ni vya ndoo ya lita 10, kwa sababu ndiyo inayopatikana kirahisi na inatosha familia.

- Maganda na vigogo vya mananasi, kilo 1.5. Ni mananasi mawili au matatu makubwa.
- Maji lita 5. Yawe maji yasiyo na chumvi. Kisima chenye maji chumvi, na Dar vipo vingi, hakifai. Hamira huchoka kwenye chumvi na siki inatoka na ladha mbaya.
- Sukari gramu 500. Sukari guru inafaa vilevile, ila siki itakuwa na rangi nzito.
- Hamira ya chenga, nusu kijiko cha chai. Si baking powder, hiyo haina kiumbe hai ndani yake.
- Ndoo mbili za plastiki za kuhifadhia chakula. Tazama chini ya ndoo: alama ya pembetatu yenye namba 2 au 5 inafaa. Ndoo iliyowahi kubeba rangi ya nyumba usiiguse hata ukiisugua wiki nzima.
- Sahani inayoingia ndani ya ndoo, na chupa ya kioo iliyojaa maji ya kuikandamizia.
- Kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa, chenye nyuzi za karibu karibu, na mpira wa kukibana.
- Mwiko, chujio, na sufuria ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka.

Sufuria ya aluminiamu tumia kuchemshia maji tu. Kitu chochote kilichokwisha kuchacha kisikae humo, asidi inaila.

Kama una siki hai iliyobaki, ile isiyochemshwa, ya kwako au ya jirani, weka lita moja pembeni. Itakufaa hatua ya saba. Siki nyeupe ya dukani haiwezi kufanya kazi hiyo, haina bakteria hai.

Hatua kwa hatua

1. Chagua na uoshe nanasi likiwa zima. Sugua kwa brashi chini ya maji yanayotiririka, kata kishungi cha majani, ndipo umenye. Ukimenya kwanza na kuosha baadaye, unaipoteza juisi na kuusukuma uchafu ndani ya nyama. Tazama kwa makini sehemu ya kikonyo. Pakiwa laini, pana maji na pamekuwa peusi, hapo ipo tayari kuvu ya uozo mweusi, Thielaviopsis, ambayo hupenya kwenye jeraha la kukatwa shambani. Ganda la nanasi hilo lisiingie kwenye ndoo yako.

Ukichukua maganda kwa muuza matunda, zungumza naye mapema. Mwambie, "Dada, naomba uniwekee maganda ya leo kwenye ndoo hii, nitapita saa kumi." Mpe ndoo safi yenye mfuniko, na mwombe aoshe mananasi kabla ya kumenya. Maganda yaliyolundikwa chini, yaliyolala, au yaliyochanganyika na ya maembe na matikiti usiyachukue hata akikubembeleza. Kwa joto la Dar, ganda lililokaa saa kadhaa juani limeshapata wageni.

2. Kata vipande vya urefu wa kidole. Vikubwa havizami vizuri, na vidogo sana vinakusumbua kuchuja. Kigogo kikate pia, kina utamu wa kutosha.

3. Chemsha maji lita 5 pamoja na sukari. Yakichemka kabisa, yamwage juu ya maganda yaliyo ndani ya sufuria kubwa, funika, acha yapoe. Hapa nina msimamo wangu: wapo wanaotegemea hamira ya porini peke yake na kuacha maganda mabichi, na ikifanikiwa siki yao ina harufu tamu kuliko yangu. Lakini kwa anayeanza, na hasa katika mji huu wa joto na unyevu, bora uwapunguze wenyeji wote kwa maji ya moto kisha umwingize unayemjua. Kuchemsha pia kunaondoa klorini ya maji ya bomba.

4. Iamshe hamira. Maji yakiwa vuguvugu, yasiyounguza kidole, chota nusu kikombe, weka hamira, subiri dakika 10. Ikipanda povu iko hai. Ikikaa kimya, imekufa kwenye pakiti. Nunua nyingine, usiongeze kipimo cha ileile. Kosa linaloua hamira kuliko yote ni haraka: kuimwaga kwenye maji bado ya moto. Ikipita nyuzi joto 50 hivi inaanza kufa, na hakuna dalili utakayoona isipokuwa ndoo isiyofanya lolote siku mbili baadaye.

5. Hamishia kila kitu kwenye ndoo safi, changanya na hamira, kandamiza. Ndoo isijae, acha nafasi ya theluthi moja kwa ajili ya povu. Weka sahani juu ya maganda, kisha chupa yenye maji juu ya sahani, hadi maji yafunike kila kipande. Futa ukingo wa ndani kwa kitambaa safi. Funika kwa kanga, bana na mpira. Usifunge mfuniko kwa nguvu. Gesi inayotoka hapo ni nyingi, na chombo kilichobanwa, hasa cha kioo, hupasuka na kujeruhi watu.

6. Koroga asubuhi na jioni kwa siku tano hadi saba. Toa sahani, zamisha maganda kwa mwiko safi, rudisha sahani. Ukungu ukianza kuota kwenye kipande kilichochomoza, unahitaji muda bila kusumbuliwa. Wewe unaukatiza kila baada ya saa kumi na mbili. Mtu akiniuliza hatua gani asiiruke, ni hii. Siku ya kwanza au ya pili utasikia mchemko mdogo na kuona povu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, kazi huenda mbio na siku tano zinatosha. Kipupwe cha Juni hadi Agosti, hesabu saba au zaidi. Ndoo ikae kivulini, mbali na jiko na mbali na ndoo ya taka.

7. Chuja, kamua, anza awamu ya pili. Povu likitulia na utamu ukipungua sana ulimini, chuja kwenye ndoo ya pili kwa kitambaa. Maganda yaliyobaki yapeleke kwenye mboji, wala si kwa mbuzi na kuku, yana pombe. Sasa ongeza ile lita moja ya siki hai kama unayo. Huongezi kwa ajili ya bakteria peke yao. Uchachu wake unaufungia mlango ukungu katika siku ambazo pombe bado haijageuka.

Kuanzia hapa mahitaji yanabadilika. Hamira iliweza kufanya kazi bila hewa, bakteria wa siki hawawezi. Chombo kiwe kipana mdomoni, kisijae, kifunikwe kwa kanga tu, kiwe mahali penye giza na hewa. Usikoroge tena. Wanaosumbua sasa ni inzi wadogo wa matunda, na kitambaa chenye matundu makubwa hakiwazuii hata kidogo.

8. Subiri na uonje. Ukianza na siki hai, wiki tatu hadi tano hutosha. Bila siki hai, nne hadi nane. Chota kwa kijiko safi kila wiki, pembeni mwa utando ili usiuzamishe. Harufu ya pombe ikiisha na ukali ukipanda puani, nenda kwenye kupima.

9. Chuja mara ya mwisho, pasha, tia chupani. Pasha kwenye sufuria ya stenlesi hadi nyuzi 65 au 70, yaani mvuke unatoka lakini haichemki, shikilia hapo dakika 10. Jaza chupa safi za kioo, zilizopashwa kwa maji ya moto zisije zikapasuka, hadi karibu na mdomo, na sasa funga kabisa. Kabla ya kupasha, tenga lita moja ghafi kwa ndoo ijayo.

Kilichotanda juu ni nini?

Maswali mengi zaidi yanatoka hapa, na watu wengi humwaga siki nzuri au, vibaya zaidi, hunywa mbaya. Chukua tochi ya simu, inamisha ndoo kidogo, tazama bila kugusa.

Povu la rangi ya krimu lenye viputo, siku za mwanzo, ni hamira inafanya kazi. Liache.

Utando mweupe mwembamba, mkavu, wenye mikunjo, unaovunjika ukiukoroga na hauna nywele, ni hamira za juu ya maji, za jamii kama Pichia na Candida. Zinatokea pale sukari inapoisha na hewa ni nyingi. Hazina sumu, lakini zinakula pombe na asidi unayoitaka, na zikiachwa zinaleta harufu ya jibini lililokaa. Ziengue kwa kijiko safi, futa ukingo. Katika awamu ya kwanza koroga kama kawaida; katika ya pili ongeza siki hai, uchachu utazishinda. Zikirudi mara ya tatu, harakisha kazi au punguza upana wa mdomo wa chombo.

Utando unaoteleza, mzito kiasi, unaopitisha mwanga, wakati mwingine umezama kama kipande cha jeli, ni mama wa siki. Wameutengeneza bakteria. Furahi, na usiutoe.

Madoa ya mviringo yenye manyoya, ya kijani, buluu, meusi, ya waridi au ya kijivu yenye vichwa vyeusi vidogo: huo ni ukungu. Mwaga ndoo nzima.

Najua hapo ndipo watu wanaponigomea, kwa sababu sukari ni pesa. Lakini doa unaloliona ni sehemu yenye mbegu tu. Nyuzi zake zimeshuka ndani, na ukungu wa aina fulani huachia sumu inayobaki kwenye maji hata baada ya kulitoa doa. Kuchemsha hakuondoi sumu za namna hiyo. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, inayotengenezwa na Aspergillus flavus na jamaa zake, na mahindi yale yalipikwa kama ugali wa kila siku. Nyumbani huna chombo cha kukuambia ukungu ulioota kwako ni upi. Mwaga, osha ndoo kwa sabuni, suuza kwa maji yanayochemka, ianike juani, anza upya.

Wengine hunijibu kwamba viwandani ukungu unatumika. Ni kweli, tena mfano wake unao jikoni. Ndimu ya unga unayoinunua dukani hutengenezwa kwa Aspergillus niger, ule ukungu mweusi, uliolishwa sukari au molasi. Mmarekani James Currie alionyesha mwaka 1917 kwamba inawezekana kwa wingi, na kampuni ya Pfizer ikaanza uzalishaji mwaka 1919. Lakini kiwanda huchagua ukoo mmoja unaojulikana, huua vijidudu kwenye chombo chote, na mwishoni huisafisha asidi mpaka inabaki chenga nyeupe. Ukungu uliojipeleka wenyewe kwenye ndoo yako Manzese haujapitia lolote kati ya hayo.

Kupima ukali bila maabara

Siki ya kupikia nataka ifike asilimia 4 ya asidi au zaidi. Ulimi unadanganya, hasa sukari ikiwa imebaki. Njia hii inahitaji rozela kavu, bikaboneti ya soda, siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5, na sirinji ya mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano.

Loweka rozela kwenye maji ya moto upate maji mekundu. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti kwenye robo lita ya maji. Chukua glasi mbili nyeupe: moja weka mililita 5 za siki ya dukani, nyingine mililita 5 za yako, kila moja ongeza nusu glasi ya maji na kijiko cha rozela. Sasa dondosha maji ya bikaboneti kwenye ya dukani, kidogo kidogo huku ukikoroga, hadi wekundu upotee na rangi ya zambarau ibaki bila kurudi nyuma. Andika ulitumia mililita ngapi. Rudia kwa yako, ukisimamia rangi ileile.

Gawa kipimo chako kwa kile cha dukani, zidisha kwa 5. Mfano: ya dukani imetumia mililita 18, yako 14. Hiyo ni karibu asilimia 3.9, bado wiki moja. Si kipimo cha kisheria, lakini kinazidi kukisia kwa mbali.

Siki iliyo chini ya asilimia 4 tumia kwa kachumbari ya siku hiyo, kulainishia nyama, au kusafishia vioo na masinki. Usiitumie kuhifadhia achari ya kukaa kabatini. Na kwenye usafi, kamwe usichanganye siki na jiki. Zikikutana hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ukitaka kuuza, hesabu ya sirinji haitoshi: bidhaa lazima ipitie TBS, shirika la viwango la Tanzania, na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo kuanza.

Jambo lingine ambalo mtu huwa analifikiria kimyakimya: usijaribu kukeneka ile pombe ya awamu ya kwanza. Kupika gongo nyumbani ni kosa kisheria, na maganda yana pektini inayozaa methanoli kidogo. Kukeneka kunaweza kuikusanya pamoja.

Maganda mengine je?

Embe: ganda lake lina utomvu unaowasha baadhi ya watu midomo na ngozi, silipendekezi kwa chakula. Chungwa na ndimu: mafuta ya ganda huidhoofisha hamira, na machungwa ya Muheza yaliyokaa sokoni mara nyingi hubeba ukungu wa kijani, Penicillium digitatum, yatumie kwa maji ya usafi tu. Kwa hayo watu wengi hufuata kipimo cha sukari 1, maganda 3, maji 10 kwa uzito, miezi mitatu. Ndizi mbivu inafaa lakini siki yake haing'ai. Tikiti lina sukari ndogo. Pasheni acha kabisa, ganda lake lina viasili vya sianidi. Nanasi ndilo la kuanzia.

Mambo yakienda kombo

*Siku mbili zimepita, hakuna kiputo.* Hamira imekufa au maji yana chumvi. Kama hakuna ukungu wala harufu mbaya, amsha hamira mpya kwenye maji vuguvugu uongeze mara moja. Zikifika siku tatu bila dalili, mwaga.

*Inanuka yai bovu.* Hamira imekosa virutubisho. Koroga kwa nguvu mara kadhaa siku hiyo kuitoa gesi, ongeza vipande vichache vya nyama ya nanasi iliyoiva. Harufu huisha ndani ya siku mbili.

*Inanuka dawa ya kutolea rangi ya kucha.* Hamira za porini zimetawala, au pombe na asidi zimekutana wakati joto ni kali. Hamishia mahali pa baridi zaidi, iache wazi kwa kitambaa. Harufu ikiwa hafifu hupungua yenyewe. Ikiwa kali baada ya wiki mbili, fanya ya usafi.

*Kuna funza wadogo weupe.* Inzi wa matunda wameingia. Ya kula imeharibika. Badilisha kitambaa kabla ya ndoo ijayo, na tega glasi ya siki yenye tone la sabuni ya maji pembeni.

*Wiki nane, bado pombe.* Hewa haitoshi au bakteria hawajafika. Hamishia chombo kipana zaidi, tafuta siki hai, lita moja kwa kila lita tano.

*Masika kila ndoo inaota ukungu.* Unyevu wa Machi hadi Mei ni mkali, na kuta zenye ukungu hutawanya mbegu zake hewani. Usiweke ndoo kwenye chumba chenye ukuta uliolowa. Punguza muda wa maganda hadi siku nne, koroga mara tatu kwa siku, na tia glasi moja ya siki hai tangu hatua ya tano.

*Ilikuwa kali, sasa imepoa.* Uliichelewesha. Pombe ikiisha, bakteria huanza kuila asidi yenyewe na kuigeuza maji na gesi. Pima kila wiki kuanzia wiki ya tatu, na ukali ukifika, pasha na ujaze chupa siku hiyohiyo.